Bi Funguo, Aliyekataa Kushukuriwa kwa Kilicho Chetu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi, tunawashukuru kwa kufika. Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Funguo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa seremala na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake. Mimi ninayesoma ni binti yake wa kwanza. Aliniagiza nisome upesi kwa kuwa mtakuwa mmesimama juani, na nisisifie uimbaji wake, maana kuongopa kaburini ni aibu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1969. Walimu walimkumbuka kwa ubishi. Siku moja mwalimu mkuu alilifungia darasa zima bomba la maji kwa ajili ya kelele za wachache. Marehemu akasimama: "Mwalimu, mchezo tunyime, maji hapana." Alichapwa, lakini bomba lilifunguliwa kabla ya kengele ya mchana.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa askari katika gereza la wanawake, akatumikia hadi alipostaafu mwaka 2006 akiwa mkuu wa zamu. Mfungwa mgeni akipokea shuka na kusema asante, alimkatiza: "Usinishukuru kwa shuka, hiyo ni haki yako. Nikikuongezea muda wa kuongea na wanao, hapo nishukuru, maana hiyo ni hisani." Na wenzake waliopenda kuwabania watu sabuni aliwaambia, "Hakimu amewanyang'anya uhuru. Hakutuagiza tuongezee adhabu zetu." Hakuwa malaika jamani, alikuwa mkali kama pilipili, na aliyemkosea adabu alikosa redio wiki nzima. Lakini kumnyima mtu chakula? Thubutu! Sahani ya mfungwa haikuguswa kwenye zamu yake.

Tarehe 16 Agosti 1980 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori aliyekuwa amefiwa na mke. Alitukuta watatu, mimi wa miaka tisa na wadogo zangu wawili wa kiume. Siku ya kwanza mezani nilimshukuru kwa kila kijiko, kama mgeni. Akaweka mwiko chini. "We binti, hapa chakula hakishukuriwi. Kula ushibe, uko kwenu." Barua zetu hakuzifungua hata mara moja, hata nilipoanza kupokea zenye manukato. Alisema, "Kutwa nzima nasoma barua za wafungwa kwa mshahara, nije nyumbani nisome bure?" Baadaye akajaliwa mabinti wengine wawili, na ugomvi wa nani akae karibu na dirisha ukawa wa watu watano.

Baba alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1987. Baada ya mazishi, Baba Mdogo, ambaye amekaa pale mbele na amenipa ruhusa kusema haya, alikuja na shauri la kutugawa sisi watatu wa mwanzo kwa ndugu. Tulijibanza nyuma ya mlango wa jikoni, mdogo wangu ameng'ang'ania sketi yangu, tukasikia kila neno.

"Shemeji, wema umetenda wa kutosha," alisema Baba Mdogo. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wako ni wale wawili."

Mama alikuwa bado na sare ya kazi. "Wema gani, shemeji? Kukaa hapa ni haki yao, hii ni nyumba ya baba yao. Mimi ndiye niliyekaribishwa."

"Lakini wewe bado kijana. Una uhuru wa kuolewa tena."

"Uhuru ninao, na nimeshautumia. Nimechagua kubaki na hawa watoto, wote. Sasa chai utakunywa au hutakunywa?"

Alikunywa. Hakuna aliyegawiwa, na kwa hilo tunashukuru hadi leo, apende asipende.

Mwezi Juni 2023 aligundulika kuwa na uvimbe tumboni. Daktari alipomvuta kitindamimba wetu koridoni, sauti ilitoka kitandani: "Daktari, mwili ni wangu, habari zake nipe mimi." Alisikiliza yote, kwamba upasuaji wa kwanza haukuumaliza uvimbe, kisha akakataa wa pili. Tulilia, tukambembeleza, tukamgombeza. Alitujibu kwa upole kwamba anatusikia na ameshakata shauri. Tukamrudisha chumbani kwake, tukawa tunamwogesha kwa zamu, na kila mara alisema, "Asanteni, wanangu, kwa hisani hii." Mdogo wangu akamjibu, "Hisani gani, Mama? Oga, uko kwako." Alicheka mpaka akakohoa. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024, sote watano tukiwa chumbani.

Rasimu ya kwanza ya kijitabu hiki ilisema ameacha "watoto wawili, na watoto wa kambo watatu." Jana Baba Mdogo aliiona, akaomba kalamu, akafuta mstari wote na kuandika mwingine kwa mkono wake. Nausoma kama alivyouandika: Marehemu ameacha watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, dada mmoja, na shemeji aliyefundishwa naye.

Apumzike sasa, kwa amani ileile aliyotulea nayo.