Mkia wa Herufi

Mvua ilinyesha, vioo vya basi vikaingia ukungu. Mbele yangu mwalimu wa darasa la kwanza alimlalamikia mama aliyeketi naye.

"Kushika penseli watoto niliwafundisha mimi, dada. Kaja mwalimu mpya, binti wa juzi tu, sasa wote wanaandika g yenye mkia kama wake. Hata mjukuu wangu."

"Lakini si zinasomeka?"

"Zinasomeka vizuri. Hilo ndilo linaloniuma."

"Basi una wivu, mwalimu."

"Wivu wa nini? Mkia wenyewe kama wa panya."

Akaandika g kiooni kwa kidole, akaitia mkia mrefu uliojikunja. Sijawahi kuona panya mwenye mkia mzuri namna ile.

"Na huo ni wa nani?" mama akauliza.

Basi likasimama. Mwalimu akaufuta kwa kiganja, akashuka.