Matano bin Chome na Chivoti cha Pembe

Assalaam alaikum, ndugu zangu. Mimi ni Salimu bin Chome, mdogo wake marehemu, nimeombwa nisome wasifu wake kwa ufupi, lakini wazee mtaniwia radhi, pana mahali nitarefusha.

Ndugu yetu Matano alizaliwa Kikoneni mwaka 1892, akasoma chuoni kwa Maalim Zahoro mpaka akahitimu Kurani, akajifunza uchongaji, akamwoa Mwanapili binti Alfani mwaka 1919, wakajaliwa watoto watatu, wa mwisho akiwa Mwanarusi. Kazi iliyompa jina ni chivoti, filimbi yetu ya Kidigo, ambayo wengine huichonga kwa mwanzi, yeye akaichonga kwa ncha ya pembe ya ndovu, miezi kumi na minne, akiitoboa kwa keekee kidogo kidogo isije ikapasuka, akiipaka mafuta ya nazi, akiisugua kwa ngozi ya samaki taa hata ikang'aa. Mliisikia harusini kwenu, na mlinisikia mimi nikijigamba kwamba baba yetu alimwua ndovu yule kwa mkuki. Uongo mtupu, ndugu zangu, nami ndiye niliyeutunga.

Fundi wa pembe hutaja asili ya pembe yake siku anapoikabidhi kwa mwingine. Jumamosi tarehe 8 Juni 1957, siku ya harusi ya Mwanarusi, bwana harusi alikuwa akabidhiwe chivoti, nikamsihi ndugu yangu autaje mkuki wangu, basi, yaishe. Akasimama mbele ya watu, akasema, "Pembe hii baba yetu aliibeba kutoka bara akiwa mtumwa, akaanguka, ncha ikavunjika, na bwana wake akamfunga ncha hiyo shingoni mwaka mzima."

Wakwe wakaondoka na bwana harusi wao, pilau ikabaki sufuriani. Nikamwita ndugu yangu mpumbavu, nisikanyage kwake miaka miwili.

Alianza kukohoa damu mwezi Machi mwaka huu, akafariki hapa Msambweni Jumatatu, tarehe 12 Oktoba 1959, nami nilifika akiwa amekwisha kuvikwa sanda. Hilo sitajisamehe.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotupikia, mafundi wenzake, na Mwanarusi, aliyemuuguza babake bila kumlaumu hata siku moja.

Mkiulizwa Matano alikuwa mtoto wa nani, semeni alikuwa mtoto wa Chome, mtumwa, na mimi pia. Kapumzike, kaka, Mwenyezi Mungu akupe amani niliyokunyima.