Kitanda cha Chumba cha Kaskazini

Sogezeni viti, wanangu, mzime na hiyo redio, maana sauti yangu haiwezi tena kushindana na mtu wa hali ya hewa. Leland, kaa huku upande wa sikio langu zima. Corinne, wewe kaa hapo dirishani, na usiniambie una ng'ombe wa kukamua, wamekwisha kukamuliwa, nimesikia mashine ikizimwa. Josie yuko shuleni, na ni vizuri, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu yeye na sitaki aone mama yake na mjomba wake wakinuniana. Daktari alipokuwa akiniambia hali yangu jana alikuwa anatazama viatu vyake, nikajua. Mkutano wa mji wa Machi sitaufikia. Basi sikilizeni sasa, wala asinikatize mtu.

Msitu wa juu, ile miti tunayoigema utomvu wa sharubati pamoja na kibanda cha kuuchemshia, ni wako Leland, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukikaa na baba yenu mbele ya lile sufuria mpaka nyusi zinaungua. Ng'ombe na malisho ya bondeni ni ya Corinne, ambaye amewalea mpaka mikono imempasuka kwa baridi. Sahani za bibi yenu mgawane bila kelele, na ile yenye ufa mwachieni paka, ameizoea. Nyumba sasa. Leland, nilikusikia juzi jikoni ukimwambia dada yako iuzwe, mgawane, kila mtu ashike njia yake. Mlidhani bibi kizee kalala. Haiuzwi. Nyumba nampa Corinne, ahame kwenye kile kijumba cha chini ya barabara, aje hapa na mtoto wake Josie. Usikunje uso, mwanangu, sijamaliza.

Mnajua nyumba hii ilivyokaa. Babu yenu alikuwa mkaidi akajenga juu ya jiwe la mpaka wa miji miwili, liko hapo chini ya sakafu ya ukumbi. Jikoni na chumba cha juu yake viko Barlow, hiki changu na kile cha kaskazini viko Tunstead. Tunstead haijawahi kuwa na shule ya sekondari, kwa hiyo mji humlipia kila mtoto wake karo katika shule anayoichagua mzazi, hata ile akademia ya watu binafsi kule mlimani. Barlow wana shule yao, na mtoto wa Barlow huenda hapo, basi. Na kwa nyumba iliyokatwa na mpaka kama yetu, desturi waliyotuachia wazee ni kwamba mtoto ni wa mji kilipo kitanda chake. Watu wa mbali hucheka wakiisikia. Humu ndani hakuna aliyewahi kucheka.

Corinne, ulizaliwa na kifua kibovu, kila msimu wa baridi tulikuwa tunakusikiliza unavyopumua, mimi na baba yako. Ndiyo maana tulikupa chumba cha juu ya jiko, kwenye joto. Ni mapenzi yaliyokuweka pale, mama, na hilo nimetaka kukuambia miaka yote hii ila ulikuwa ukiondoka kila nikilianza. Leland alikuwa na afya ya ndama, akapewa chumba cha kaskazini, ambako maji yaliganda kwenye glasi pembeni ya mto wake. Nani angefikiria habari za shule wakati anatafuta mahali pa kumlaza mtoto anayekohoa?

Na wewe ndiye uliyeitaka ile akademia. Leland, wewe hukumbuki, ulikuwa mdogo, lakini baba yenu alipougua homa na ng'ombe mwekundu akashindwa kuzaa, dada yako alivua koti, akaingiza mkono mpaka begani, akamgeuza ndama, huku mimi nimeshika taa natetemeka kuliko ng'ombe mwenyewe. Tangu siku ile alisema atakuwa daktari wa mifugo. Alikwenda akademia siku ya wageni, akarudi hali chakula, anasimulia maabara yao mpaka tukamwambia pumua kwanza.

Halafu ukaja mkutano wa Machi, Tunstead nzima ukumbini kupitisha matumizi ya kodi. Mimi nilikuwa nafuma soksi, Corinne yuko kwenye meza ya akina mama anakata pai. Wakasoma majina ya watoto ambao mji utawalipia, na lake likasomwa. Harlan Peaslee akasimama, yule yule wa ng'ambo ya kijito, akasema, "Alvah, mimi sina ugomvi nawe, jirani, lakini kodi ni yetu sote. Huyo binti yako analala wapi?" Baba yenu akainuka na kofia yake mkononi. Angeweza kusema kitanda tutakihamisha kesho, nani angempinga? Akasema, "Juu ya jiko." Mtu mmoja akacheka kule nyuma, mwingine akasema, "Basi huyo ni wa Barlow," na mwenyekiti akaendelea na habari za gari la kuondolea theluji. Corinne alikuwa bado ameshika kisu cha pai.

Garini nilimshukia baba yenu, sijawahi kumsema vile tangu anioe. Akanijibu, "Idella, sihamishi kitanda cha mtoto mgonjwa ili majirani wanilipie karo." Ndiyo hayo tu. Kesho yake alipokwenda zizini nilikiburuta kile kitanda peke yangu mpaka chumba cha kaskazini. Mikwaruzo iko sakafuni mpaka leo, kwani mlidhani ni ya nini? Jioni Corinne akakirudisha. Akaniambia, "Mama, silali mahali ili watu waone nimelala." Nikakaa kwenye ngazi nikalia, maana nilikuwa nimeolewa na Alvah mmoja na nimemzaa mwingine.

Nipeni maji. Kidogo. Ahsante.

Akaenda Barlow. Shule ya Barlow haina ubaya wowote, wametoka watu wengi pale, na hata daktari angeweza kutoka. Lakini yeye moyo ulikwisha kuvunjika mbele ya mji mzima, na kabla hajamaliza akaacha, akaenda kazi kiwanda cha jibini. Leland alipofika umri, jina lake likasomwa ukumbini na hakuna aliyeuliza kitu, kitanda chake kilikuwa Tunstead siku zote. Mji ukamlipia mpaka mwisho. Akawa daktari wa mifugo. Mwanangu, hukuiba kitu, ulikuwa mtoto, ulilala ulipolazwa. Lakini ukija hapa na gari lako lenye maandishi mlangoni, dada yako huingia zizini na hatoki mpaka uondoke, na wewe husema ana roho mbaya. Hana. Anaona maisha yake yakishuka garini na mkoba mkononi, na anayashukuru kwa kumtibia ng'ombe.

Baba yenu mpaka anakufa alimsubiri Corinne aseme neno, na Corinne alimsubiri yeye. Nimewapikia hao watu wawili meza moja miaka mingapi? Iliniuma. Bado inaniuma.

Sasa Josie. Mwaka huu anamaliza darasa la nane. Kwaya ya akademia aliisikia mwezi wa kumi, na tangu hapo anaimba akiosha vyombo, anaimba akiwapa ng'ombe majani, ila mama yake akiingia ananyamaza. Corinne, usitazame nje ya dirisha. Mtoto wako anaogopa kukuomba. Basi namwombea mimi. Josie alale chumba cha kaskazini, kwenye kitanda cha mjomba wake, na alale kweli, si mwezi wa Machi tu, hata Januari. Na Leland, wewe ndiye utakayeweka jiko la kuni mle ndani, kwa mikono yako, na bomba lake la moshi, kabla mtoto hajaingia. Nimechoka na nyumba ambayo joto liko upande mmoja.

Mkutanoni Harlan atasimama tena, amezeeka lakini miguu anayo. Atauliza binti analala wapi. Asijibu Corinne. Aliwahi kusimama pale mbele ya watu, inatosha. Ujibu wewe, Leland, ukae kando ya dada yako siku hiyo, uinuke na kofia mkononi kama baba yako, useme, "Analala kwenye kitanda changu." Kisha ukae. Na Harlan akileta maharage yake ya kuoka kwenye mazishi yangu, myapokee, mle. Aliuliza swali la haki. Ni sisi tulioshindwa kuishi na jibu lake.

Ngojeni... ngojeni nipumue.

Mungu awape... awape usingizi mzuri, wanangu. Awaweke karibu. Mtoto huyo aimbe, na mama yake amsikie. Leland, mkono wa dada yako huo hapo. Ushike. Haya.

Bado moja. Msinizike kwanza, mbona mnalia mapema? Kitanda cha Corinne bado kiko juu ya jiko. Nipelekeni. Nimelala Tunstead maisha yangu yote, kule sijawahi kulala hata usiku mmoja. Leland, shika mabegani. Corinne, miguu. Polepole kwenye ngazi. Najua, karani wa mji itabidi aandike nimefia Barlow... mwacheni aandike.

Wakiwauliza mama yenu alilala wapi... mwishoni... semeni kweli. Semeni, juu ya jiko. Kwa binti yake.