Mjukuu wa Modemu kwa Biti Mia Tatu

Benchi letu hapa Kemi, kaskazini mwa Ufini, limeegemea ukuta wa kibanda cha kahawa cha Irja, upande usiopigwa na upepo wa bahari. Wakaaji wake ni watatu. Mimi Aune, ambaye habari za mtaa zikinipita basi hazikutokea. Filimbi, aliyekuwa refa wa mpira wa magongo wa barafuni na mpaka leo anaamua ugomvi usiomhusu. Na Taisto, tunayemwita Modemu, maana kila chenye kasi lazima akipime kwa modemu yake, kile kidude cha zamani cha kuvutia intaneti kilichokuwa kikipiga mayowe kwenye waya wa simu. Jumamosi hiyo ya Oktoba alikuwa kashika simu yake ya mkononi kama mtu aliyeshika samaki bila kujua kama kafa. Binti yake Tuire kamtumia video ya ubatizo wa mtoto wake, kule Oulu. Kwetu jina la mtoto ni siri mpaka mchungaji alitamke, na kwao akina Taisto mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu liwe la pili. Ila babu mwenyewe hakuwapo. Kwenye harusi ya Tuire alimwambia mkwewe hana akili hata ya kufunga balbu, na Tuire akaamuru kwenye ubatizo baba yake asionekane.

MODEMU: Megabaiti mia mbili, video hii! Modemu yangu ya kwanza ilipitisha biti mia tatu kwa sekunde. Miezi miwili na nusu, jamani.

FILIMBI: Miezi ya nini?

MODEMU: Ya kuipokea! Ikianza kuingia leo, inamalizika karibu na Krismasi.

MIMI: Mtoto atakuwa ameota meno, na bado mchungaji anachota maji.

FILIMBI: Na jina je?

MODEMU: Jina litakuwa katikati. Novemba hivi.

FILIMBI: Kama hakuna atakayenyanyua simu ya nyumbani. Akinyanyua tu, waya unakatika, unaanza upya.

MIMI: Muulize mwenyewe! Si ndiyo ile picha ya mwanamke wa pikipiki? Ilikuja mstari kwa mstari, kuanzia nywele, mwenzetu kakodoa macho karibu saa nzima. Ilipofika shingoni, marehemu mkewe Lahja akanyanyua simu ampigie dada yake. Kwisha!

MODEMU: Ilikuwa picha ya pikipiki, Aune.

MIMI: Pikipiki yenye hereni.

Filimbi alimwaga kahawa kwa kucheka. Modemu akajifanya hakusikia, akaanza kuhesabu kwa vidole.

MODEMU: Sasa laini ya hapa ni megabiti mia kwa sekunde. Gawanya kwa mia tatu. Hizo ni modemu zangu laki tatu na ushee, zinafanya kazi kwa pamoja.

FILIMBI: Laki tatu? Hata ukimpa simu kila kulungu wa huku kwetu Lapi, hawatoshi.

MODEMU: Na zote zikipiga mayowe mara moja!

FILIMBI: Barafu ya bahari itapasuka mpaka Uswidi. Watatushtaki.

MODEMU: Na joto lake! Linapasha sauna zote za Kemi.

MIMI: Basi watu wakikaa uchi kwenye mvuke wote huo, mwakani tutabatiza watoto mpaka mchungaji apoteze sauti.

Tulikuwa hapo tukibishana kama kulungu anaweza kunyanyua simu kwa pembe, ndipo akaja Hilppa, yule aliyehamia juu ya duka la dawa, na mbwa wake mwenye koti zuri kuliko langu. Aliagiza kahawa, akasikiliza kidogo.

HILPPA: Samahani, wazee wangu. Kwani hiyo video bado haijafika?

MODEMU: Imefika tangu asubuhi. Muda wa kupiga chafya tu.

HILPPA: Sasa mnasubiri nini?

Filimbi, ambaye ana uamuzi wa kila kitu, akachungulia ndani ya kikombe chake. Mimi jibu nilikuwa nalo, lakini kuna umbeya mwingine hata mimi naumeza.

Modemu akajikohoza.

MODEMU: Nikiifungua, na jina langu halimo, nitafanyaje, Aune?

MIMI: Utakunywa kahawa yako, kisha utampigia mkweo simu umwombe radhi kuhusu balbu. Na likiwamo, utampigia vilevile. Bonyeza, mwanamume wewe!

Akabonyeza. Sebule ya watu, mishumaa, keki. Yule mkwe kasimama na tai iliyopinda, Tuire kabeba mtoto aliyevaa gauni refu la ukoo, mtoto analia kama modemu yenyewe. Mchungaji akachota maji, akasema mara moja, bila madoido: Eeli Taisto. Kisha akaendelea na sala.

FILIMBI: Nimesikia! Na wewe umesikia?

Modemu alinisukumia simu mkononi.

MODEMU: Irudishe nyuma, Aune. Huyu mchungaji anakwenda mbio mno.