Kengele ya Verdelle Crumity Haipigwi Ndoo Ikiwa Tupu

“Kazi yake ni kupiga kengele, na kengele hata spika inaweza kuipiga.” Hayo aliyasema Bwana Grady Amundsen, mshauri aliyeletwa na ofisi kuu, katika mkutano wetu wa Machi. Bi Verdelle Crumity alikuwa mstari wa mbele, akimenya karanga zake za kuchemsha. Basi jarida hili la wafanyakazi litamjibu kwa niaba yake.

Bi Verdelle anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa katika safari ya magari ya kutazama wanyama ya bustani yetu ya burudani. Hakuna gari tunaloendesha lenye umri huo. Alianza kwa kufagia mazizi, akawa mlishaji, na kwa miaka ishirini na miwili sasa ndiye mwita wanyama: huwatoa asubuhi na kuwarudisha jioni.

Tukiri yanayojulikana. Matope ya barabara yetu ya “Afrika” ni saruji iliyotiwa rangi. Migunga yetu ni mialoni ya Florida iliyopogolewa. Simba hulala juu ya jiwe lao kwa sababu ndani yake mna mabomba ya maji baridi. Mwaka mmoja mkandarasi mgeni alisawazisha barabara nzima, akijisifu kwamba hakuacha shimo hata moja. Bi Verdelle akamshika mkono: “Mwanangu, hayo mashimo tuliyajenga. Yarudishe yalipokuwa.”

Saruji ni ya kuigiza. Twiga si wa kuigiza, na hapo ndipo mshauri alipopotea.

Twiga huitwa kwa kengele ya ng’ombe iliyotoka shambani kwa baba yake Bi Verdelle, pundamilia kwa kifuniko cha sufuria, vifaru kwa honi kuukuu ya basi la shule. Sharti lake ni moja, na kila anayeingia zizini amelisikia mpaka amelichoka: usipige kengele kama ndoo ni tupu. Mnyama akija, akute chakula. Hata kama umechelewa. Hata kama unajaribu tu.

Mwezi Aprili Bwana Amundsen alifunga spika uwandani, akamhamishia Bi Verdelle stoo, kisha akashinda mchana kutwa akipima sauti. Kengele ya twiga ililia kwenye spika mara tisa, bila mtu wala ndoo. Mara mbili za kwanza twiga walikuja. Mara ya tatu alikuja mmoja. Kuanzia ya nne hakuna aliyegeuza hata shingo.

Siku tatu baadaye, saa tisa alasiri, radi ilianza kunguruma upande wa ziwani. Sote tunajua kwamba ikinguruma hivyo tuna dakika ishirini za kuwaingiza wanyama wote. Spika zikalia. Dereva Lupe Arredondo akapiga kelele kwenye redio: “Bi Verdelle, masanduku yanaimba peke yake huku! Twiga wamesimama tu wanayaangalia!”

Bi Verdelle alitoka stoo bila ruhusa, akapanda nyuma ya pikapu na kengele yake na ndoo mbili zilizojaa. Akapiga. Wakasita. Akapiga tena, akainua ndoo juu waione. Magnolia, jike mzee, akaanza kutembea, na wenzake sita wakamfuata. Dakika nne baada ya lango kufungwa, radi ilipasua mwaloni waliokuwa wamesimama chini yake. Kisiki bado kipo, nendeni mkakione.

“Bi Crumity, mashine ilifanya kazi sawasawa,” mshauri alijitetea zizini, maji yakimchuruzika.

“Ilifanya, mwanangu. Lakini uliwaita mara tisa hukuwapa kitu. Wewe ungekwenda mara ya kumi?”

Pamoja na hayo, nafasi yake haijatangazwa. Tangazo la ajira la mwezi huu linatafuta fundi wa spika.

Bi Verdelle, asante. Hukuwahi kutudanganya, sisi wala wao. Nenda Monticello kwa dada yako, ukapalilie bamia zako, ulale mpaka jua liwe kali, na asiwepo wa kukuamsha.

Nanyi wakubwa wa ghorofa ya pili, Bwana Amundsen na Meneja Colleen Haggerty: zimebaki wiki tatu. Tangazeni nafasi hiyo Jumatatu. Mleteni mtu ashike ndoo, afundishwe na Bi Verdelle angali hapa. Na mpaka mtu huyo apatikane, zimeni spika zenu. Mmeshaita vya kutosha.