Askari wa Mti Aliyetolewa Bure

Lori lilipanda kwenda Masisi, na Mukabaranga, aliyepakata kibuyu cha maziwa, akayasikiliza mazungumzo ambayo hakualikwa. Mpishi wa wazungu alimsimulia mfugaji mzee mashindano ya sataranji: karani Kanamugire, mweusi peke yake pale, alianza kwa kumwachia bwana mkubwa askari wake wa mti, kete ndogo kabisa, bure.

"Muzungu alikula?"

"Alikula, Papa. Walipigana masaa matano, kisha wakapeana mukono. Hakuna mwenye alishinda."

Mukabaranga akasogea karibu na kibuyu chake, asikie vizuri.

"Muzungu angeshindaje?" mzee akasema. "Muntu akikupa ng'ombe, na unakunywa maziwa yake, unaweza kumupiga?"

"Ile iko mti tu, Papa!"

"Lakini alikula."

Lori likasimama. Mzee akamwomba Mukabaranga kikombe cha maziwa, akamnyooshea mpishi. Mpishi akakitazama, mikono magotini.