Mashine Ilipopima Kichwa Yangu

Wamama, wapapa, asanteni kwa kunipa hii nafasi. Nikisahau fasi nimefikia, musicheke. Binti yangu ameikaa hapa mbele, atanikumbusha.

Wengi mulinijua hapa Lushebere, mu kambi, nikiwa tayari nimeharibika. Kwetu ni Burungu. Wenye silaha walitukuta mu shamba ya maharagi, mumoja akanipiga kitako ya bunduki hapa, juu ya sikio. Bwana yangu hakuamuka tena. Mimi niliamuka, nikakimbia na mama mukwe, mutoto mugongoni. Nikafikiri nimepona.

Kisha kichwa ikaanza kunikatala. Sufuria inaungua nikiiangalia. Hasira inapanda bila sababu. Siku moja nikaenda robinet na mutoto kuchota maji, nikarudi na bidon tu.

Ndiyo. Nilitua bidon, nikawasha moto, nikaikaa. Mama mukwe akauliza, "Mutoto iko wapi?" Nikamuuliza, "Mutoto gani?"

Walimukuta karibu na barabara, amelia mpaka sauti imeisha. Tangu pale mama mukwe akalala naye upande wake, nami nikakatazwa kumubeba. Mimi mwenyewe ningefanya vile. Lakini kumusikia mutoto wako akikuita nyuma ya bâche, ile turubai inagawa nyumba, na wewe huruhusiwi kwenda, ile siwezi kuifasiria.

Hapo njo mulisema iko pepo. Mulinifungia mu chumba ya maombi. Nilianguka na njaa, mukashangilia, mukasema inatoka. Muko hapa, sitaji mutu.

Ku hospitali ya Goma walinipiga scanner, wakasema: "Picha iko nzuri, hakuna kitu." Ndugu zangu, nawaambia, hakuna neno iliyonivunja kama ile. Mama mukwe akasema, "Basi ni roho yako njo mbaya."

Muganga mumoja wa hospitali akatuambia kuna watu wa uchunguzi wa bongo ngambo ya mupaka, wako na mashine inaitwa IRM, na watalipa safari. Mama mukwe akanisindikiza, maana peke yangu ningepotea. Kule daktari akatueleza: "Scanner ilipiga picha. Sisi tunapima. Tunaangalia namna maji inatembea mu bongo, fasi kwa fasi, tunalinganisha na wamama wazima wa umri yako. Lakini ukitikisika, vipimo vinaharibika."

Wakaniingiza. Ikaanza: ta-ta-ta-ta. Munaijua ile sauti, sisi wote tuliikimbia. Nikalia, wakanitoa. Mara ya pili, vilevile. Daktari akasema, "Mama, tuache, labda siku ingine." Nikajua hakuna siku ingine.

Mama mukwe akauliza kama anaweza kuingia. Wakamuambia atoe kila chuma. Alikuwa na medali ya Bikira Maria shingoni, hakuitoa hata siku tulikimbia. Aliitoa. Akaingia, akanishika muguu. Mashine ikipiga, anakaza mukono. Sikutikisika.

Vipimo vilionyesha nyuzi za ndani ya bongo, upande wa mbele, ziliumia. Daktari hakunidanganya: "Dawa ya kuzirudisha sina. Lakini yale unasema, vipimo vinayakubali."

Mama mukwe akamuuliza, "Kwa hiyo hakumuacha mutoto kwa kupenda?"

"Hapana, mama."

Tulipofika kambi, mama mukwe akamulaza mutoto kwa mukeka yangu. Asubui akafunga kamba kwa bidon yangu, akamuambia binti yangu, "Shika hapa. Usiachilie."

Sijapona. Kichwa ingali inauma, sufuria zingali zinaungua. Mama mukwe naye hayuko tena, homa ilimubeba mvua iliyopita. Hakuniomba musamaha hata siku moja, na mimi sikuungojea.

Nashukuru Mungu. Nashukuru wale wa mashine, sitawasahau, kama kichwa itakubali. Nashukuru wamama wa robinet, munaniuliza kila siku "Mutoto iko wapi?" bila kunitukana. Na ninyi wa maombi, muniombee bado, lakini nikiwa nimekula. Mutu akisema kichwa yake iko mugonjwa, musingoje picha imutetee, musimufungie mulango. Kama hamuna dawa, mushike muguu yake.

Mumeona sikutaja jina ya mutu. Ya wengine nimeificha. Ya mama mukwe nilitaka kuitaja hapa mbele yenu, lakini imenipotea tangu asubui. Binti yangu, simama, uwaambie.